Opsio gani kwa mwanafunzi asiyeona, kiziwi au wa kiti cha magurudumu?

Darasa la nane likikaribia kwisha, shule za Lubumbashi huuliza: mtoto aende opsio gani, yaani mkondo gani wa masomo ya sekondari? Kwa mtoto mwenye ulemavu, watu huwa wamejibu kabla hajaulizwa. Kiziwi? Kushona. Asiyeona? Pedago, yaani ualimu. Wa kiti cha magurudumu? Komersiali, yaani biashara na uhasibu, kwani "huko anakaa tu". Kama vile kuna opsio ambayo wengine wanasoma wakikimbia.

Afadhali kuanza na kazi zenyewe. Azima madaftari ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanite (miaka minne ya sekondari baada ya darasa la nane) katika opsio mnayoitaka, uorodheshe kila kitu anachofanya kwa macho, masikio, mikono na miguu. Pembeni andika njia nyingine ya kufanya kazi ileile. Mahali pasipo na njia, hapo ndipo pa kuongea na prefe (mkuu wa shule), tena mapema darasa la nane, kwa sababu vifaa vinachukua miezi kupatikana.

Tuchukue Komersiali kwa asiyeona. Walimu wengi wanakwama kwenye akaunti ya T, mchoro wenye debi kushoto na kredi kulia: mstari wa breli kwenye karatasi ya A4 unabeba herufi kama 30 tu, na jedwali la safu nne haliingii. Basi msichore. Mpango wa hesabu wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, umeshaipa kila akaunti namba. Mauzo ya bidhaa ya 50 000 FC kwa pesa taslimu yanaandikwa hivi: 57 D 50000, 701 C 50000. 57 ni kasa (sanduku la pesa), 701 ni mauzo ya bidhaa. Debi na kredi zinaonekana, mwalimu anasahihisha kama kawaida.

Kinachoharibu mambo ni huruma. Mwalimu anasema, "wewe, balansi (jedwali la jumla za akaunti zote) uiache." Hapo hajabadili njia, amepunguza somo, na Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haijui msamaha huo. Mwanafunzi anafika mwaka wa nne akiwa na alama nzuri kwenye buleteni (ripoti ya shule) na shimo katika somo la opsio.

Jambo la pili ni noti. Kwetu vitabu ni haba, somo linanakiliwa ubaoni. Simu yenye programu ya kusoma kwa sauti inasoma maandishi yaliyochapwa, lakini picha ya mwandiko wa mkono inaivuruga. Mwalimu atume somo kama maandishi, jioni ya kabla. Sauti ya simu iwekwe kwenye Kifaransa. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kifaransa, hata aliyeandika haelewi. Na kama ni breli, ukurasa mmoja wa kawaida unazaa miwili au mitatu. Nunueni karatasi nzito, ya gramu 160 hivi. Ile ya gramu 80 nukta zake zinalala baada ya kusomwa mara chache.

Kwa mwenye uoni hafifu, kupanua fotokopi ya A4 kuwa A3 kunageuza herufi za 12 kuwa 17 hivi, ila karatasi inafunika meza nzima. Chapeni upya kwa 18 kwenye A4.

Kiziwi anaweza Biokimia (biolojia na kemia) vizuri sana. Shida ni mwalimu anayeongea akitazama ubao, au anayeeleza huku akimimina: macho hayawezi kufuata ishara na biureti (bomba la kupimia kimiminika) kwa wakati mmoja. Aonyeshe, asimame, kisha aeleze. Maneno kama "mole" au "katalizeri" yanaweza kukosa ishara, hivyo darasa na mkalimani wakubaliane ishara mwanzoni mwa kila sura na kuzirekodi kwa simu.

Kiti cha magurudumu kinaingia hata atelye (karakana) ya umeme, meza ikiacha nafasi ya sentimita 70 chini yake. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inataka rampu yenye urefu wa sentimita 180. Ubao wa sentimita 60 unaoegemezwa mlangoni unaangusha mtu.

Kwa anayejifunza polepole, mafunzo mafupi ya ufundi yanafaa, kama kazi imekatwa vipande vidogo. Katika kushona, mpe kipande cha kartoni chenye upana wa sentimita 1.5 badala ya rula. Anakiweka ukingoni mwa kitambaa, anachora mstari wa mshono, hahesabu.

Kwa Egzeta, ombi liende kwa maandishi wakati wa kuandikisha watahiniwa, likitaja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Barua yenye namba ya sheria inasomwa mara mbili. Ombeni theluthi ya muda zaidi, saa moja iwe dakika 80, na mwandishi, mtu wa kumwandikia majibu, ambaye hakusomea opsio hiyo. Mazoezi na mwandishi yaanze mwaka wa tatu. Katika disertasyo (insha) ya Kifaransa, asiyezoea kuimla anasahau kutaja koma, nukta na aksenti.