Uzi wa kijani

Kipupwe kimeingia Dar na vituko vimeanza. Jana asubuhi kwenye daladala nilikaa na kijana mwenye jaketi la manyoya na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, anatetemeka. Simu yangu ilisema nyuzi 21. Nilijikaza nisicheke. Sisi tuliokulia Njombe tuna maringo fulani kuhusu baridi, najua, na najua yanakera.

Ila si yeye aliyenirudisha huko. Ni binti yangu, yule wa pili, mnamjua. Tangu likizo ianze anafuma skafu kwa kroshia, mwalimu wake yuko ndani ya simu. Jana hiyohiyo usiku uzi wa njano ukamwishia katikati, akaunga wa zambarau, kisha akaniinulia machoni.

"Mama, itaonekana?"

Juni 1994. Nilikuwa darasa la tano, nakaa kwa Bibi. Mwezi ule majani yalikuwa yanaamka meupe kwa sakitu, ukiyakanyaga yanavunjika kama maganda ya mayai. Shule ilitaka sweta la bluu, na langu la zamani lilikuwa limenipanda mpaka kitovuni. Sokoni mjini masweta ya mitumba yalikuwa tele, lakini Bibi aliyaita kwa jina lile la zamani, kafa Ulaya, na hakuwa tayari kuingiza nyumbani kwake nguo ya maiti asiyemjua. Kwa maiti anayemjua, kumbe, hakuwa na neno. Jumamosi moja alifungua sanduku akatoa sweta la Babu.

Babu alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla. Sweta lile Bibi alimfumia wakati anaondoka kwenda kibarua cha reli ya TAZARA, miaka ya mwanzo ya sabini. Babu alikuwa kwenye kipande cha Mlimba kupanda Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja yasiyokwisha. Alirudi nalo, akalivaa miaka ishirini, shambani na kanisani.

Tulikaa jikoni, mimi kwenye kigoda, mikono nimeinyoosha mbele kama mtu anayengoja pingu. Bibi alikata mishono ya kuungia kwa wembe, akatenga mikono na kifua, akatafuta ncha, akavuta. Kila mstari ulitoka na mlio wake mdogo, trrr, unakuja kuzungushwa mikononi mwangu. Uzi ulikuwa umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa, unanuka moshi na tumbaku. Mimi nilikuwa nafurahi. Nasema ukweli. Nilikuwa naliona sweta langu linakuja, silioni la Babu linakwenda.

"Nyanyua mikono, mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wetu ule wa bibi na mjukuu: eti tuligawana mume.

Kifua kikaisha. Mkono wa kulia ukaisha. Kwenye mkono wa kushoto, alipofika kwenye kiwiko, uzi ukakwama.

Akavuta taratibu. Ukakataa. Akasogeza kibatari mpaka nikahofia moto utashika sufu. Kwa nje palikuwa na weusi kidogo tu, kama doa la jasho. Akageuza ndani nje. Hapo ndipo tulipoona: kiraka cha ukubwa wa kiganja, kijani kama majani ya chai. Na hakikuwa kiraka cha kushonea juu. Mtu alikuwa ameokota mishono iliyokatika, mmoja mmoja, akafuma upya kutoka pale, akaunga pembeni kwa namna ambayo ukipitisha kidole husikii kitu. Bibi alipitisha kidole gumba. Akakirudisha. Akakipitisha tena.

"Huu si mkono wangu."

"Labda Babu alijishonea mwenyewe," nikasema.

"Babu yako?" Akacheka kwa pua. "Babu yako kifungo kikimtoka anashikilia shati mpaka afike nyumbani."

Magunzi ya mahindi yalipasuka motoni. Mikono ilikuwa inaniuma, lakini nilijua si wakati wa kulalamika. Bibi aliinamia kile kiraka, akahesabu mishono kimyakimya, midomo inacheza.

"Aliyefuma hapa anajua," akasema. "Anajua kuliko mimi."

Tulikuwa tunaongea Kibena, na Kibena kama Kiswahili hakina yeye wa kike na yeye wa kiume. Anajua. Basi. Hakuongeza neno, nami nilikuwa na miaka kumi na moja, sikujua kwamba kuna swali la kuuliza. Aliufumua ule uzi wa kijani peke yake, akauzungushia vidole viwili, akaufunga kwenye pindo la khanga pale anapowekaga hela. Kisha akaendelea na wa bluu.

"Nyanyua mikono," akasema, na safari hii akaniita kwa jina langu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Uzi ulifuliwa, ukaning'inizwa kwenye mpichi huku umefungiwa jiwe chini ili unyooke. Akafuma kwa sindano zake za spoku za baiskeli, alizozinoa kwenye jiwe mwenyewe, na wiki tatu baadaye nilikuwa na sweta. Shingoni alimalizia kwa mistari minne ya kijani, akaikunjia ndani na kuishona isionekane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wa bluu umekwisha, na uzi ni uzi. Ile mistari ilinikwaruza kisogoni mpaka nilipomaliza darasa la sita.

Nimeifikiria sana, hasa baada ya kuolewa. Kwenye kambi za reli kulikuwa na mafundi wa Kichina wengi, waume watupu, mbali na kwao, na nguo zao nani aliwashonea kama si wao wenyewe? Siku nikiwa na moyo mweupe namchagua mmoja wao, namweka karibu na moto, sweta la Babu mapajani. Siku nyingine namchagua mama mmoja wa Mlimba. Huyo namwona vizuri zaidi, sijui kwa nini. Namvika hata khanga.

Bibi alifariki 2009. Tulipogawana vitu vyake mimi nilipewa kikapu cha kufumia: zile spoku, vifungo, mkasi usiokata. Chini kabisa palikuwa na donge la uzi wa bluu, lile lile la Babu, kubwa kama ngumi. Lingetosha shingo mbili.

Nikamwambia binti yangu ndiyo, itaonekana. Akaitazama skafu yake, akaendelea na wa zambarau.