Pima ringi kabla ya kuongeza tawi

Juzi niliitwa Likoni, mama mmoja akitaka soketi mbili barazani za friji ya soda na feni. "Fundi, si uunge tu hapa?" akaniuliza, akionyesha soketi ya sebuleni. Nikamwambia, mama, nipe nusu saa kwanza.

Nilizima swichi kubwa, nikahakikisha kwa testa, nikafungua ncha mbili za waya wa moto zinazoingia kwenye breka ya ampea 32. Ringi ni waya unaotoka kwenye breka, ukapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile; ikiwa haijakatika, ukipima ukinzani ncha kwa ncha, husoma chini ya omu moja au karibu nayo. Mita haikusoma kitu: waya ulikuwa umekatika mahali.

Nilifungua soketi moja moja. Nyuma ya kochi nikakuta waya mwekundu umechomoka kwenye skrubu, plastiki imegeuka kahawia kwa joto. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulikuwa ukibeba peke yake mzigo wa kugawanywa njia mbili, na breka ile isingeshtuka. Watoto hulala kwenye kochi lile. Nilikaa chini kidogo.

Nilikata sehemu iliyoungua, nikakaza, nikapima tena moto, nyutro na ethi. Ndipo nikafunga swichi yenye fyuzi ya ampea 13, nikatoa tawi, yaani waya wa pembeni kutoka kwenye ringi, la soketi zote mbili. Bila fyuzi hiyo, tawi hubeba soketi moja tu, ya tundu moja au mbili. Kwa kuwa barazani mvua hufika, nikaweka pia kinga ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja.

Fyuzi ya akiba nilimwachia mezani.