Kabati la Ukutani Lililopinda, na Tena Halina Mlango

Kabati la namna hii, liwe chini ya ngazi, chini ya paa lililoinama au kwenye kona ya pembetatu, huwa linaharibiwa na kosa moja: mtu anapima upana mara moja pale mbele, anakata mbao, anakuja kugundua kwamba ukuta wa nyuma una hesabu yake. Kuta mbili zinazoonekana zimenyooka zinaweza kupishana sentimita 2 kutoka sakafuni hadi kifuani. Kwa hiyo futi ya kupimia isikupe imani kubwa. Tumia boksi.

Chukua boksi kuukuu, kata vipande virefu vyenye ukingo ulionyooka. Kila ukuta upe kipande chake, ukingo ukigusa ukuta mwanzo hadi mwisho, huku vipande vikilaliana katikati. Vikishakaa, vigandishe kwa selotepu, kisha toa kiolezo kizimakizima. Andika JUU upande wa juu kabla hujakitoa. Ukikigeuza bila kujua, shelfu itatoka kinyume, na plaiwudi iliyokatwa kinyume haina dawa. Kilaze kwenye ubao, chora, halafu kata milimita 3 ndani ya mstari. Kila shelfu ina kiolezo chake, hata kama zinapishana sentimita 30 tu.

Kuna mtego mwingine hapa. Kama nyuma ni pana kuliko uwazi wa mbele, shelfu iliyokatwa sawasawa haitaingia, hata uilaze na kuisimamisha vipi. Ikate vipande viwili, na kiungo kiangukie juu ya papi ya kuegemea, yaani ubao mwembamba unaofungwa kubeba shelfu.

Papi hizo za kuegemea, za sentimita 2 kwa 4, ni bora kuliko vishikio vya chuma kwenye kuta zisizonyooka, kwa sababu zinabeba ukingo mzima. Chora mstari kwa pima maji, si kwa kufuata sakafu, maana sakafu nayo huwa imeinama. Kwenye ukuta wa tofali au zege, toboa tundu la milimita 8, ingiza kishikio cha plastiki cha kipimo hicho, funga skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa kutosha kupita papi na kuzama sentimita 4 hivi ukutani. Moja kila sentimita 40 inatosha. Ukuta wa jipsamu ni habari nyingine: gonga kwa kifundo cha kidole, tafuta nguzo iliyo nyuma, ufunge hapo. Plaiwudi ya milimita 18 hubeba nguo bila kubonyea mpaka urefu wa sentimita 80 hivi. Ikizidi, weka mhimili katikati.

Bomba la kutundikia liende upande ulio juu. Mashati na makoti mafupi yanataka mita 1 chini ya bomba, magauni marefu mita 1.5 au zaidi. Juu ya bomba acha sentimita 6, la sivyo kulabu ya hanga haitanyanyuka. Hanga lenye nguo linataka kina cha sentimita 55 hadi 60. Kabati likiwa na kina cha sentimita 40, usilazimishe bomba la kukatiza, kwani mabega yatachungulia nje siku zote. Funga bomba fupi linalotoka nyuma kuja mbele, nguo zikutazame uso kwa uso.

Upande wa chini, pale dari linapokugonga kichwa, hapafai shelfu. Ukiweka shelfu yenye kina cha mita 1, vya nyuma hutaviona tena mpaka siku ya kuhama. Weka masanduku yenye magurudumu, marefu kuelekea ndani, yenye mpini mbele. Nguo za kukunja zikae kwenye shelfu za kina cha sentimita 35, rundo lisizidi sentimita 25. Likizidi, huporomoka unapovuta fulana ya chini.

Sasa mlango, ambao hapa nafasi yake inachukuliwa na pazia. Fimbo ya pazia inayojibana yenyewe kwa springi inahitaji kuta mbili zinazotazamana sawasawa. Chini ya mteremko huteleza usiku ikaanguka na kila kitu. Funga fimbo ya skrubu, tena nje ya uwazi, usile kina cha ndani. Kitambaa kiwe mara 2 ya upana wa uwazi, na pindo liinuke sentimita 2 kutoka sakafuni ili lisifagie vumbi. Kama jua linapiga hapo, bitana ni lazima, maana rangi ya nguo hupauka kwenye mstari wa bega kwanza.

Wengine hawataki pazia, na si vibaya: hewa inapita, ukungu unapungua. Ila basi hanga ziwe za aina moja, na masanduku ya mbele yafanane, maana macho yanaona kila kitu. Hata hivyo acha sentimita 3 kati ya nguo na ukuta wa nje wenye unyevu.

Na ile pembe nyembamba inayobaki mwishoni, ambayo hakuna sanduku linaloingia, iachie ubao wa kupigia pasi.