Jinsi nilivyolitambua na kuliotesha ua la brashi la Texas

Kila Machi, kingo za barabara kuu namba 71, kati ya Austin na Bastrop, hujaa buluu ya maua ya bluboneti, na katikati ya buluu hiyo huchomoza wekundu unaokaribia rangi ya chungwa. Ni wekundu huo ulionifanya niegeshe gari pembeni. Wenyeji wa Texas hulifananisha ua hilo na brashi ya mchoraji, kwa kuwa kila shina huonekana kama limechovywa kwenye kopo la rangi.

Kulitambua kulihitaji utulivu. Ule wekundu si petali, bali ni brakti, yaani majani ya juu yaliyogeuka rangi. Niliifungua brakti moja kwa ukucha, nikakuta ua lenyewe limejificha ndani: mrija mwembamba wa kijani kinachoelekea njano, na stigma ndogo, sehemu inayopokea chavua, ikichungulia nchani. Majani ya chini yalikuwa mazima, hayakuchanika, na hiyo ndiyo maana ya jina lake la kitaalamu, Castilleja indivisa, isiyogawanyika. Ndugu yake Castilleja purpurea, ambaye huishi miaka mingi, ana majani yaliyochanika kama vidole.

Mwaka wa kwanza nilinunua mbegu, laini kama vumbi la ugoro, nikazipanda kwenye vyungu vyenye udongo mzuri na mbolea. Ziliota vizuri. Kisha miche ikadumaa, ikabaki na kimo cha ukucha wa kidole gumba, ikageuka njano na kufa mmoja baada ya mwingine, ingawa sikuinyima maji wala jua.

Jibu nililipata nilipotafuta familia ya mmea huu. Ni Orobanchaceae, familia ileile ya kiduha, gugu linalonyonya mazao shambani. Nimekulia Shinyanga, na nakumbuka mama akiinama kwenye mahindi yaliyonyauka, akiking'oa kiduha chenye maua ya zambarau kabla hakijamwaga mbegu. Mimea yote miwili ina majani ya kijani na hujitengenezea chakula kwa jua, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini. Tofauti ni kwamba mbegu ya kiduha husubiri dalili ya mzizi wa mmea itakaounyonya ndipo iote, ilhali mbegu ya brashi huota yenyewe na kumtafuta jirani baadaye. Miche yangu ilikuwa imeota mahali pasipo na jirani.

Oktoba iliyofuata nilisafisha kipande cha mita 2 kwa 3 penye mchanga na jua la kutwa, nikapanda kwanza nyasi za asili zinazoota kwa mashungi, Schizachyrium scoparium, pamoja na bluboneti. Nadhani bluboneti ni jirani bora kuliko wengi wanavyodhani: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba brashi iliyojishikiza kwenye mmea wa jamii ya lupini, ambayo bluboneti ni mojawapo, hufyonza pia alkaloidi zake, yaani kemikali chungu za kujikinga, hivyo wadudu huila kidogo zaidi. Mbegu za brashi nilizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, nikazinyunyiza juu ya ardhi na kuzikandamiza kwa ubao bila kuzifukia. Mbolea sikutia hata chembe.

Majira yote ya baridi miche ilikaa chini, majani yake yakiwa yamejipanga duara. Februari niling'oa mmoja pamoja na shungi la nyasi, nikauosha polepole ndani ya beseni, na pale mizizi miwili ilipokutana nikaona kinundu cheupe, kidogo kuliko punje ya ulezi. Mwisho wa Machi mashina yakawa mekundu, na ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua, wenye kazi kama ya chozi wa kwetu, wakaanza kuja asubuhi.

Mmea huu kwa kawaida huishi msimu mmoja, kwa hiyo sikufyeka hadi vibweta vya mbegu vilipokauka na kupasuka, ingawa kwa majuma kadhaa kipande kile kilionekana kama kimetelekezwa. Mwaka huu mashina tisa yamechanua nje ya mpaka niliouweka, karibu na uzio, ambako nyasi zilikuwa zimejiotea zenyewe.