Nilirudi Nyumbani Nikakuta Mtoto Ndiye Mjumbe

Siku ya tatu tangu nifike, nilikuwa nimekaa uani na baba. Mtoto wa kaka yangu akaja mbio, akasimama wima mbele ya babu yake. "Shikamoo babu. Baba anasema bomba limepasuka, usifungue maji mpaka kesho." Baba akaitikia, kisha akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie na funguo ya stoo airudishe." Mtoto akageuka, akakimbia. Kaka yangu alikuwa amesimama hatua kama 20 kutoka pale tulipokaa. Maneno ya baba aliyasikia mwenyewe, lakini akasubiri aletewe na mtoto.

Baba na kaka hawajasemeshana kwa miaka 6. Binti huyu ana miaka 8. Kazi ya kupeleka na kurudisha maneno aliianza kabla hajajua kusoma, na anaifanya vizuri mno. Anajua kupunguza ukali. Nimemsikia baba akisema neno zito, na kwa kaka likafika jepesi. Hakuna aliyemfundisha. Nimelala macho usiku kadhaa kwa sababu ya hilo peke yake, kwamba mtoto mdogo amejifunza kuchuja hasira za watu wazima.

Ninyi mlioijua nyumba yetu mnakumbuka sala ya jioni. Mama alianzisha wimbo, baba akasoma Neno, kaka akaomba, na mimi nikapigana na usingizi nikisubiri amina. Miaka 14 niliyokaa mbali, kila ilipofika saa ile niliwaona wote wamekaa vilevile. Niliomba, "Bwana, ilinde nyumba yetu ibaki kama ilivyo." Nilikuwa naiombea nyumba iliyokuwa kichwani mwangu.

Jioni ya kwanza baba alisali chumbani kwake. Kaka alisali upande wa nyuma na mkewe na mtoto. Nilisimama kwenye korido nikasikia wimbo mmoja, ule wa mama, ukiimbwa vyumba viwili kwa wakati mmoja, huku wako ubeti wa kwanza na kule wako wa pili.

Nilipouliza chanzo, ndugu mmoja aliniambia ni laana ya ukoo, tutafute maombi ya kuivunja. Wanaosema hivyo huwa wananukuu Kutoka 20:5, uovu wa baba kupatilizwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne, wakaishia hapo, na mstari wa 6 unaotaja rehema kwa maelfu elfu wanauruka. Wengi wetu tumelelewa na mahubiri hayo. Mimi siyakubali. Katika Ezekieli 18 watu walikuwa na mithali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu mwenyewe akawakataza kuitumia tena. Nyumbani kwetu hapakuhitajika pepo wa ukoo. Ilitosha sentensi moja ambayo haikusemwa.

Mama aliugua miaka miwili. Kaka aliacha kazi. Ndiye aliyembeba, akamgeuza kitandani, akamwogesha, akakesha naye. Mimi nilituma fedha. Siku ya mazishi sikuweza kufika. Baba alisimama mbele ya watu akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe aliye mbali, ambaye hakumwacha mama yake. Kaka alikuwa amesimama ubavuni pake, na jina lake halikutajwa. Maneno yale nilisimuliwa kwa simu siku ileile, nikafurahi. Nakiri mbele zenu kwamba niliyatunza moyoni kwa miaka kama zawadi, na sikuwahi kujiuliza yalimwangukia nani.

Ndiyo maana siwezi tena kuisoma Luka 15 nikiwa mwana mpotevu. Tuliotoka na kurudi tunaipenda ile sehemu ya baba kukimbia na kumkumbatia mwanawe. Ila mstari wa 28 unasema baba alitoka mara ya pili, akaenda kumsihi mkubwa aliyegoma kuingia. Ni baba yuleyule, na mlango alioutokea ni uleule. Baba yangu alinipokea kwa machozi siku niliyofika. Kwa kaka hajawahi kutoka.

Yupo pia Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, ambaye sisi wa kurudi hatumtaji. Alikaa ugenini Geshuri miaka 3. Akarudishwa Yerusalemu, na 2 Samweli 14:28 inasema alikaa humo miaka 2 mizima bila kuuona uso wa mfalme, baba yake. Mji mmoja, baba na mwana, na kati yao jemadari Yoabu wa kutumwa. Mfalme alipokuja kumbusu, moyo wa kijana ulikuwa umeshakwenda kwingine, na baadaye akamwasi baba yake. Naiogopa sana habari hiyo. Kaka yangu hakwenda popote, lakini naye ameishi miaka 6 nyumbani kwa baba bila uso wa baba.

Wewe unayepanga kurudi, na hasa kama ndiye uliyekuwa unatuma, nisikilize, ingawa nasema kwa uchungu. Fedha zako zimekununulia sifa ambazo pengine ni za mtu mwingine. Kabla hujafungua mizigo, uliza ni nani aliyeuguza, aliyezika, aliyebaki. Mtafute huyo kwanza. Usianze na mistari ya msamaha. Mimi nilianza nayo. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Umemaliza?" kisha akaenda kulala. Nilipaswa kuanza na asante, na ilinichukua wiki mbili kulitambua hilo. Nilipomwambia, "Kaka, mama alikufa mikononi mwako kwa sababu mimi sikuwepo, na sijawahi kukushukuru," alikaa kimya muda mrefu. Halafu akanieleza usiku wa mwisho wa mama, wote, mpaka alfajiri. Hakuna aliyekuwa amemwomba amsimulie.

Kwa baba nilikwenda na Malaki. Agano la Kale letu linafungwa na ahadi kwamba mioyo ya baba itageuzwa iwaelekee watoto, na ya watoto iwaelekee baba zao. Angalieni mpangilio, moyo wa baba ndio unaotangulia. Malaika anairudia sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo katika Luka 1:17 mbele ya Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, naye Zakaria anatoka pale akiwa bubu. Mzee aliyeambiwa habari za mioyo ya baba kugeuka alikaa bila sauti mpaka siku ya kumpa mtoto jina, na ulimi ukafunguka alipoliandika jina hilo. Nilimsomea baba yote hayo. Nikamwambia, "Baba, siku ile ya mazishi lipo jina moja hukulitaja." Alivua miwani. Hakunijibu, na mimi sikuongeza neno.

Kesho yake nilisema nao, kila mmoja kwake, kwamba mtoto hatatumwa tena. Mke wa kaka aliniunga mkono, Mungu ambariki. Wiki nzima hakuna neno lililovuka. Bomba likavuja, likaachwa livuje. Mtoto alizunguka nyumba kama aliyepoteza kitu, akija kuniuliza kama amekosea. Hiyo ndiyo wiki niliyoomba kuliko zote katika maisha yangu, na nilikaribia kukata tamaa.

Jana jioni nilikuwa upande wa nyuma, nikimsaidia binti hesabu zake. Mlango ukagongwa. Baba alikuwa amesimama nje, mkono kwenye fremu, anahema kana kwamba ametembea safari ndefu. Hakunitazama mimi. Alimwita kaka kwa jina lake la utotoni, lile alilolitumia mama.

Kaka aliitika, "Naam, baba."

Binti akaweka penseli chini, akasimama haraka. Alidhani anatumwa.