Karatasi ya Fundi Yenye Mambo Matano

Mwezi wa Agosti 2016, kijana aliyekuwa akiendesha bajaji yangu alifika nyumbani Kihonda, Morogoro, saa mbili usiku, akaniamkia, akaketi ukingoni mwa baraza, kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari, ukiwa na maandishi ya kalamu nyekundu ya fundi mkuu wa gereji tuliyoizoea, si mbali na stendi ya Msamvu. Fundi alishauri mambo matano: injini ifunguliwe, silinda ichongwe na kuwekewa pistoni na ringi mpya (zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni), tuanze kutumia oili nzito ya magari kwa kuwa injini imeanza kuchoka, oili iwe inabadilishwa kila mwezi, raba za breki za magurudumu ya nyuma zibadilishwe, na kebo ya spidomita, iliyokuwa imekatika tangu mwaka uliotangulia, ifungwe mpya. Chini kabisa aliandika jumla ya shilingi 465,000 na kuipigia mistari miwili.

Bajaji ile niliinunua kwa mkopo wa SACCOS ya walimu. Kijana alikuwa akiniletea hesabu ya shilingi 15,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na baada ya muda wa mkataba wetu chombo kingekuwa chake. Kwa hiyo fedha iliyoandikwa pale ilizidi hesabu ya mwezi mzima, tena ingetoka wakati chombo kimelala gereji na hakiingizi hata senti. Mimi nilikuwa na mshahara wa kuegemea. Yeye alikuwa na mke, mtoto wa miezi minane na bajaji.

Ugonjwa wenyewe tuliujua. Asubuhi injini iliwaka mara moja na kwenda vizuri hadi saa nne hivi, lakini jua lilipopanda na injini ikapata moto sawasawa, nguvu zilipungua, na mlima wa kwenda Rock Garden, aliokuwa akiupanda na abiria watatu, ukamlazimu kushuka hadi gia ya kwanza. Akiizima kwa abiria, kuiwasha tena ilikuwa kazi. Ilimbidi aiache ipoe kwa robo saa. Fundi alisikiliza maelezo hayo, akaiwasha, akavuta mafuta mara mbili tatu, akasema, "Ringi zimekwisha."

Nimefundisha fizikia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na neno hilo sikuweza kulimeza hivi hivi. Si kwamba nilimdhania fundi kuwa mwizi. Nilichotaka kujua ni kitu gani alichokiona kilichomfikisha kwenye ringi. Siku iliyofuata, baada ya vipindi, nilikwenda gereji nikamuuliza.

"Mwalimu," akanijibu kwa upole, "bajaji ikifikisha umri huu na ikakosa nguvu, ni ringi. Nimefungua nyingi."

Nilimuuliza kama ameona moshi wa bluu kwenye bomba la moshi. Akasema hapana. Nilimuuliza kijana ni oili kiasi gani anaongeza kati ya badilisho moja na jingine. Akasema haongezi, kijiti cha kupimia huonyesha karibu pale pale. Hapo shaka yangu ikapata mguu wa kusimamia. Ringi zilizolika huiachia oili ipande chumba cha moto na kuungua, na oili inayoungua huonekana kwa moshi au kwa kupungua. Zaidi ya hapo, injini yenye ringi mbovu haingoji saa nne asubuhi ndipo iugue. Udhaifu wake huonekana hata ikiwa baridi.

Nilimshukuru fundi, nikamwambia nitarudi, nikamwomba kijana aipeleke bajaji kwa jirani yangu aliyesoma ufundi wa magari VETA na ambaye alikuwa na geji ya kupimia kampresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Jioni ile nilijifunza mengi ambayo sikuwahi kuyapata katika vitabu ninavyofundishia. Kwanza aliiagiza bajaji izungushwe mjini mpaka ianze kulalamika. Iliporudi ikiwa na moto wake wote, alifungua plagi, akafunga geji mahali pake, akamwambia kijana azungushe mpini wa mafuta hadi mwisho ili injini ivute hewa yote inayoweza, kisha apige stata. Sindano ilipanda ikasimama kwenye 75. Akamimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, wakapima tena. Ikafika 80 tu.

"Umeona?" akaniambia. "Ingekuwa ringi, oili hii ingeziba nafasi na sindano ingeruka juu. Upepo unatokea kwenye vali."

Tuliiacha ilale hadi alfajiri, kwa sababu tapeti za injini ile, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya shina la kila vali, hupimwa ikiwa baridi. Alizungusha injini mpaka pistoni ikafika juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, akachukua fila zake, zile bapa nyembamba za chuma ambazo unene wake huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Upande wa vali ya kuingizia hewa, fila ilipita kwa kubana kidogo. Upande wa vali ya moshi, hata ile nyembamba kuliko zote haikuingia. Maana yake ni kwamba injini ilipopata moto, shina la vali lilirefuka, na kwa kuwa halikubakiziwa nafasi yoyote, vali ilibaki imenyanyuka kidogo badala ya kukaa sawasawa kitini mwake. Mgandamizo ukatoroka, na nguvu zikatoroka nao. Injini ikipoa, shina hufupika, vali hufunga, na chombo huonekana kizima. Ndiyo maana asubuhi hakikuwa na kosa.

Alilegeza nati, akairudisha skrubu nyuma hadi nafasi ikafikia kipimo kilichotajwa katika kitabu cha mwongozo, akakaza nati, akafunga. Alinitahadharisha kwamba vali iliyokwenda hivyo kwa muda mrefu yaweza kuwa imeungua, na kama ni hivyo kichwa cha silinda kingelazimika kufunguliwa. Lakini mchana, injini ikiwa ya moto, sindano ilipanda hadi 120, na kijana akaupanda mlima wa Rock Garden na abiria watatu kwa gia ya pili. Alinipigia simu akiwa huko juu, hakusema jambo la maana, alicheka tu.

Jirani alikataa ujira. Alichukua sukari kilo mbili kwa ajili ya watoto.

Ushauri wa pili wa fundi nao niliukataa, na hadi leo naamini nilifanya vyema. Klachi ya bajaji ile hufanya kazi ikiwa imelowa ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari huwekwa viungo vya kupunguza msuguano, ambao ndio hasa unaoifanya klachi ishike. Oili inayoipendeza injini ya gari yaweza kuifanya klachi ya bajaji iteleze. Ushauri wa tatu, wa kubadilisha oili kila mwezi, niliuona kuwa si mbaya, ila mwezi si kipimo cha kazi: kuna mwezi chombo kinalala siku kumi, na kuna mwezi kinakwenda kutwa kucha. Nilisema tutahesabu kwa kilometa.

Na hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimemkamata fundi kwenye jambo la kwanza, nikamkamata kwenye la pili, na kwa raha ya ushindi ule nikaikunja karatasi na kuitia ndani ya daftari la hesabu. Raba za breki na kebo ya spidomita niliziona kuwa za kujazia jumla. Swali nililomuuliza kuhusu ringi, yaani umeona nini, sikumuuliza kuhusu breki. Hata sikuona kwamba nimeahidi kuhesabu kilometa kwa chombo ambacho spidomita yake haitembei.

Wiki sita baadaye, siku ya Jumamosi, kijana alikuwa akishuka mlima ule ule akiwa amembeba mama mmoja na watoto wake wawili. Alipokanyaga breki, pedeli ilizama hadi chini. Aliinyanyua akakanyaga tena, ikazama. Mara ya tatu ikashika kidogo. Alirudisha gia hadi ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akaisogeza bajaji kwenye ukingo wa barabara mpaka gurudumu la mbele likasimama kwenye udongo laini. Hakuna aliyeumia. Yule mama alishuka, akawashika wanawe mikono, akamlipa nauli yake yote, akaondoka kwa miguu.

Kijana hakunilaumu. Aliponisimulia alikuwa akitazama chini, na mimi nilishindwa kumtazama, kwa sababu tulikuwa wawili tuliojua kwamba jambo hilo liliandikwa kwa kalamu nyekundu, la nne kutoka juu.

Jumatatu tuliipeleka bajaji gereji ile ile ikivutwa kwa kamba. Nilikwenda na karatasi. Nilijiandaa kusikia maneno, na ningeyastahili, lakini fundi mkuu aliichukua akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akaiweka mfukoni, akamwita msaidizi wake alete jeki. Walipovua gurudumu la nyuma la kushoto na dramu yake, breki shuu zilikuwa nyeusi, zimelowa mafuta ya breki kama tambi katika mchuzi. Alichomoa raba, ile inayozuia mafuta ya breki yasivuje, kwenye silinda ndogo akanipa mkononi. Ilikuwa imekakamaa, na ukingo wake ulikuwa na ufa.

"Ile siku niliona gurudumu limelowa kwa ndani," akasema. "Nikaandika."

"Mbona hukunionyesha, fundi?"

"Hukuuliza, mwalimu. Uliuliza ringi tu."

Tulifungua na gurudumu la kulia, tukakuta hali inayokaribiana na hiyo. Wakati msaidizi akiosha dramu, nilimweleza fundi habari ya tapeti, bila kuikuza na bila kuificha. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba bajaji nyingi zinazoletwa kwake zikiwa hazina nguvu zimeendeshwa miezi mingi bila oili kubadilishwa, na akizifungua hukuta ringi zimekwisha kweli, hivyo mkono wake umezoea kwenda huko moja kwa moja. Geji ya kampresheni hakuwa nayo. Aliniuliza jirani alipima kwa fila ya unene gani, akaandika jibu kwenye ukuta wa gereji kwa chaki, karibu na namba za simu za wauza vipuri.

Kazi ya breki ilichukua hadi alasiri. Walifunga raba mpya na breki shuu mpya, wakajaza mafuta ya breki, kisha wakaanza kutoa upepo: msaidizi anakanyaga pedeli na kuishikilia, fundi analegeza skrubu ya gurudumu, mapovu yanatoka kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa, anakaza, wanarudia. Walifanya hivyo kila gurudumu mpaka mafuta yakatoka bila povu hata moja. Kebo ya spidomita ilifungwa mwisho, na haikuchukua hata nusu saa. Nililipa kila kilichoandikwa kwa kazi ya siku ile.

Kabla kijana hajaondoka, nilimwomba anipishe kwenye kiti cha dereva. Nilikanyaga breki mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, nikiushikilia mguu wangu pale hadi nilipohakikisha kwamba pedeli haishuki. Fundi alikuwa amesimama kando akijifuta mikono kwa kitambaa, akinitazama bila kuniharakisha. Kisha nikasoma namba ya spidomita na kuiandika kwenye daftari la hesabu, chini ya tarehe.