Meno ya Arumeru na taya lililopigwa mionzi

Sisi tuliokulia Maji ya Chai, Arumeru, tunajulikana kwa meno. Ukicheka tu pale stendi ya Arusha, mtu ameshajua umetokea upande gani, kwa ile rangi ya kahawia iliyotokana na floraidi nyingi kwenye maji ya kwetu. Basi daktari wa meno aliponiambia kwamba nikimaliza mionzi ya saratani nitumie dawa ya meno yenye floraidi kali, nilicheka na kidonda changu mdomoni. "Daktari, hiyo si nilishakunywa ya kunitosha?"

Akanielewesha. Floraidi ya majini ilinikuta mtoto, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Ya kupaka ukubwani inafanya kazi nyingine: inalikaza jino lisiliwe na asidi. Dawa za dukani huwa na sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Ya watu kama mimi ni 5,000, na huandikwa na daktari. Usiku unapiga mswaki, unatema povu, husukutui. Isipopatikana, au bei ikinishinda, natumia ya dukani na silali bila kupiga mswaki.

Saratani yangu ilikuwa ya ulimi, nikatibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya mashine nilipelekwa kwanza kwenye meno, nikang'olewa magego mabovu ya chini upande wa kushoto. Nilinung'unika sana. Ugonjwa uko kwenye ulimi, magego yamewakosea nini? Kumbe mfupa wa taya ukishapata mionzi mikali, vimishipa vyake vya damu hupungua na kupona kwake kunakuwa kwa shida. Ukija kung'oa jino baadaye, shimo linaweza kugoma kufunga, mfupa ukabaki wazi na kuanza kufa. Taya la chini ndilo huathirika zaidi. Ndiyo maana mabovu hutolewa mapema, wiki 2 hivi au zaidi kabla ya mionzi, fizi zipate kufunga. Na hatari hiyo haina mwaka wa kuisha.

Mate nayo yalikauka. Ugali mkavu siuwezi tena, ila loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, inateleza vizuri. Wanaonipenda huniletea pipi za kulainisha koo, nami nazipitisha kwa wajukuu wa jirani (mama yao hajafurahi). Mate ndiyo yanayosafisha meno mchana kutwa. Yakikosekana, halafu ukanyonya sukari, meno huanza kuoza pale yanapokutana na fizi, na huoza haraka. Natembea na chupa ya maji. Asubuhi nafanya zoezi la kupanua mdomo, maana misuli ya taya nayo hukakamaa. Kipimo changu ni vidole vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Siku za baridi vinaingia viwili na nusu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Gego la chini kulia liliniuma, nikaingia kliniki moja ya mtaani. Kijana akanisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," akachungulia, akasema hilo tunalitoa sasa hivi, huchelewi hata gari. Simlaumu. Kwetu jino likiuma dawa yake ni koleo, na hata mgonjwa mwenyewe hukasirika asipong'olewa. Nikatoa kadi yangu kwenye pochi. Akaisoma mara mbili, akaweka koleo chini, akapiga simu kwa waliokuwa wakinitibu. Jino halikung'olewa: mzizi ulisafishwa, likazibwa, na mpaka leo natafunia.

Kadi yenyewe niliandikiwa na daktari, na kiasi cha mionzi niliyopata kimo, kwa kipimo kinachoitwa Gy (gray). Mwombe wako akuandikie, au andika mwenyewe kisha akahakikishe:

"Nilitibiwa saratani ya kinywa kwa mionzi. Taya langu la chini lilipata zaidi ya Gy 60. Tafadhali usining'oe jino wala kunipasua fizi kabla ya kuzungumza na hospitali iliyonitibu. Namba ya simu iko nyuma."